Walisema intaneti ilijengwa kuhimili nyuklia. Mbona sisi tunazimika bila hata fataki?

Kijana wa Riverside
Wakuu habari. Tangu sekondari naambiwa, na juzi nimeiona tena kwenye video, kwamba intaneti ilibuniwa na jeshi la Marekani enzi za vita baridi ili hata Mrusi akishusha nyuklia kwenye miji mitatu minne, mawasiliano yaendelee. Ukikata hapa, data inajitafutia njia kule.

Sawa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 hakukuwa na nyuklia wala vita. Ilikuwa nanga ya meli tu iliyokata mkongo, ule waya wa intaneti wa chini ya bahari, na Bongo nzima tukabaki tunatazamana. WhatsApp inazunguka, imeili haziendi, Jumatatu ofisini ni soga mwanzo mwisho. Je, walitudanganya, au sisi tumeuziwa intaneti ya mtumba? Majibu ya kitaalamu tafadhali. Siasa ina jukwaa lake.

Mzururaji
Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wajuvi.

Ruta Mbovu
Mkuu, umelishwa matango pori. Hiyo ya nyuklia ni chai ya muda mrefu sana.

Mwaka 1966 pale Pentagon, kwenye shirika la utafiti la ARPA, kulikuwa na bosi wa kitengo cha kompyuta anaitwa Bob Taylor. Ofisini kwake alikuwa na vituo vitatu vya kuchapia: kimoja kimeungwa na kompyuta ya MIT, kingine Berkeley, kingine Santa Monica. Kila kimoja na namna yake ya kuingia, amri zake na watu wake. Akitaka kutoka kwenye mazungumzo ya Berkeley aende ya MIT, anainuka kitini anahamia kiti kingine. Akachoka. Halafu kila chuo kilichokuwa kinapewa hela na ARPA kilikuwa kinadai kinunuliwe kompyuta yake, na kompyuta za enzi zile zilikuwa zinajaza chumba. Taylor akaenda kwa mkurugenzi, Charles Herzfeld, wakaongea kama dakika 20, akatoka na dola milioni 1. Hapo ndipo ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ilipoanzia. Herzfeld mwenyewe baadaye alisema wazi kwamba haikuanzishwa kwa ajili ya kunusurika bomu.

Kwa hiyo swali lako limejengwa juu ya msingi wa mchanga. Unadai ahadi ambayo hukuahidiwa.

Mzururaji
Vituo vitatu mezani na hakuwahi kufikiria swichi ya kubadilishia? Dola milioni 1 ingebaki.

Mama Waifai
@Mzururaji acha utani, wengine tunajifunza.

Naomba niwasaidie wasio wa fani, maana naona tumeshakimbilia historia na wengi hawajui kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Simu ya zamani ilikuwa hivi: ukimpigia mtu, njia nzima kutoka kwako hadi kwake inashikwa kwa ajili yenu wawili hadi mkate simu, hata kama mmenyamaza. Mtandao wa kompyuta haushiki njia. Ujumbe unakatwa vipande vidogo, tunaviita pakiti, kila kimoja kimeandikwa kinatoka wapi, kinaenda wapi na ni cha ngapi.

Chukulia wageni wa harusi wanatoka Dar kwenda Moshi. Hawapandi basi moja. Kila gari linaondoka na wakati wake, limebandikwa namba, na kila kituo kuna mtu anawaambia piteni hapa au piteni pale kulingana na hali ya barabara. Huyo ndiye ruta. Hajui ratiba ya harusi, anajua kituo kinachofuata tu. Wanafika wamechanganyikana, namba 7 kabla ya namba 3, na MC wa Moshi anawapanga kwa namba. Gari likipotea njiani MC anapiga simu Dar: namba 5 sijamuona, tuma mwingine. Ruta na pakiti ni kazi ya itifaki (kanuni za mawasiliano) iitwayo IP. MC ni itifaki nyingine, TCP. Basi, wengi mkielewa hapo mmemaliza nusu ya kozi.

Chogo wa Chalinze
Dada umeeleza vizuri, ila magari yote ya Moshi yanavuka daraja la Wami. Mto ukibeba daraja, MC atapiga simu hadi alie.

Kijana wa Riverside
@Chogo wa Chalinze hapo sasa ndipo lilipo swali langu!

Baharia wa Shangani
Yakhe, kabla hamjafika mbali, nanga muitoe hapo. Nanga ni ya Bahari ya Shamu, Februari 2024. Meli Rubymar ilipigwa na kombora la Wahouthi, ikaachwa inaelea na nanga yake chini, na Wamarekani walisema nanga hiyo inawezekana ndiyo iliyokata mikongo mitatu: AAE-1, EIG na SEACOM. Ya Mei ilikuwa kitu kingine kabisa, huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ikazimika mikongo ya EASSy na SEACOM siku moja.

Sasa unganisheni. SEACOM inatoka kwetu ina mikono miwili, mmoja unapanda kaskazini kupitia Bahari ya Shamu kwenda Ulaya, mwingine unashuka hadi Mtunzini, Afrika Kusini. Ule wa kaskazini ulikuwa umeshakatika miezi kadhaa na kurekebisha ilikuwa shida kwa ajili ya vita vya Yemen. Tukawa tunaegemea kusini. Na EASSy nayo inatua Mtunzini hapo hapo. Kusini kulipokatika ndio tukabaki na nini? Ikabidi meli ya kutengeneza, Léon Thévenin, itoke Cape Town. Meli za kazi hiyo zinahesabika kwa Afrika nzima.

Kwa hiyo tulikatika mara mbili, kaskazini na kusini, na mara ya kwanza wengi hamkusikia kwa sababu kusini palikuwa pazima.

Ruta Mbovu
Nondo hizi. Nilikuwa naamini nanga miaka yote hii.

Mwana wa Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Sisi pia tuliyumba Mei ile lakini hatukuzama kama nyinyi, kwa sababu tuna TEAMS, mkongo wa kutoka hapa hadi Fujairah, Emirati. Haushuki kusini wala haupiti Bahari ya Shamu. Ulianza 2009, mwaka mmoja na SEACOM. Wakati ule wengi waliona serikali inapoteza pesa kujenga wake ilhali wa kampuni binafsi unakuja.

Lakini kuna jambo hamjaligusa. Zamani kabla ya mikongo, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani ilikuwa inapanda setilaiti, inaenda Marekani au Ulaya, inarudi. Setilaiti yenyewe iko kilomita karibu 36,000 juu. Kwenda na kurudi tu ni zaidi ya nusu sekunde, na unalipa dola kwa safari ambayo mtu angetembea dakika mbili. Mwaka 2000 watoa huduma wakaamua kuwa na chumba kimoja cha kubadilishana data, KIXP. Hakikumaliza hata mwezi, mdhibiti akakifunga baada ya kampuni ya simu ya taifa kulalamika kuwa inaingiliwa hodhi yake. Kikafunguliwa tena 2002. Dar mkapata chenu, TIX, 2004.

Hoja yangu: siku ile ya Mei, tovuti iliyohifadhiwa Dar ilipaswa kufunguka Dar. Mkongo wa bahari unahusika nini hapo? Kama haikufunguka, basi seva yake iko Ulaya, na hilo si kosa la bahari.

Mama Waifai
@Mwana wa Likoni asante kwa hilo. Hapa kwetu ofisi nyingi hata barua pepe za ndani, mtu na mwenzake wa dawati la pili, seva iko Ireland. Halafu tunalaumu samaki.

Babu Modemu
@Ruta Mbovu nakuheshimu ila umesimulia nusu.

Hadithi ya bomu haikutoka hewani. Paul Baran, mtu wa taasisi ya utafiti ya RAND, alianza kuifanyia kazi mwaka 1960 na 1964 akatoa majuzuu 11. Swali lake lilikuwa moja: simu zote za Marekani zinapita kwenye vituo vikuu vichache, vikipigwa, rais atatoaje amri? Akapiga hesabu akaona kila kituo kikiungwa na vingine vichache tu, unaweza kupoteza sehemu kubwa ya mtandao na vilivyobaki vikaendelea kuongea. Na ili hilo liwezekane, ujumbe ukatwe vipande na kila kituo kijiamulie. Hiyo si pakiti ya Mama Waifai? AT&T, kampuni ya simu, wakamwambia haiwezekani, na jeshi halikujenga.

Pia Stephen Lukasik, aliyekuwa mkurugenzi wa ARPA kuanzia 1970, aliandika mwaka 2011 kwamba yeye hundi za ARPANET alizisaini kwa ajili ya uongozi wa majeshi, ikiwemo kuendelea kutoa amri chini ya tishio la nyuklia. Herzfeld anasema hapana, Lukasik anasema ndiyo. Wote mabosi wa shirika lile lile. Umemchagua mmoja ukamwacha mwingine.

Ruta Mbovu
Shikamoo Babu. Baran namjua, ndio maana sikumtaja. Wajenzi wa ARPANET hawakuanzia kwake. Larry Roberts, aliyepewa kazi na Taylor, alikwenda na mpango wake kwenye kongamano la Gatlinburg, Tennessee, 1967, na pale ndipo Mwingereza Roger Scantlebury alipomwonyesha kwamba wenzao wa maabara ya taifa ya Uingereza wameshafikia wazo hilo, na akamtajia kazi ya Baran. Yaani Mwingereza anamwambia Mmarekani kilichoandikwa na Mmarekani mwenzake. Na bosi wa Scantlebury, Donald Davies, aliyeipa pakiti jina lake, alifika kwenye wazo hilo 1965 bila kuwaza bomu lolote. Alitaka watu wengi watumie kompyuta moja bila kushika laini ya simu kutwa nzima wakati wao wamekaa wanafikiri.

Kwa hiyo watu wawili, nchi mbili, sababu mbili, kitu kile kile.

Babu Modemu
Marahaba. Na pesa bado ni za jeshi.

Ruta Mbovu
Pesa za jeshi, kazi za wasomi. Ndiyo maana 1983 jeshi lilijitenga likawa na MILNET yake.

Babu Modemu
Na Novemba 1977, Kahn na Cerf, waliobuni TCP, walipojaribu itifaki yao mpya, walitumia gari lenye redio linalotembea barabarani California, ujumbe ukavuka bahari kwa setilaiti hadi Ulaya, ukarudi kupitia ARPANET. Mitandao mitatu tofauti. Nani anahitaji kompyuta ndani ya gari linalotembea mwaka 1977? Mchungaji?

Mzururaji
Hahaha babu kaamka vibaya leo.

Binti Seva
Mnabishana nia. Angalieni ilivyofanya kazi.

Tarehe 29 Oktoba 1969, ujumbe wa kwanza kutoka UCLA kwenda Stanford ulitakiwa uwe LOGIN. Ikafika L, ikafika O, mashine ya upande wa pili ikaanguka. Hapo hakuna aliyeshambulia. Walirudia baada ya kama saa moja ikakubali.

Tarehe 27 Oktoba 1980 ARPANET nzima ililala kwa saa kadhaa. Kifaa kimoja kilikuwa na hitilafu, kikadondosha biti (zile sifuri na moja za data) kwenye ujumbe wa hali ya mtandao, zikatokea nakala tatu zenye namba tofauti, na kwa hesabu ya programu kila nakala ilionekana mpya kuliko mwenzake. Zikazunguka bila kikomo hadi zikajaza kila kituo. Vituo vingine vyote vilikuwa vizima na nyaya zote zilikuwa nzima, ila uvumi tu ndio uliowaua.

Na tarehe 12 Desemba 1986, New England yote ilikatika kutoka ARPANET. Walikuwa na njia saba za kwenda huko. Saba! Kwenye ramani saba, ardhini zote zilikuwa ndani ya kebo moja ya faiba ya kampuni ya simu kati ya New Jersey na New York. Ikakatika moja, zikaenda saba.

Sasa mtu akiniambia tuna mikongo miwili na yote inatua Mtunzini, namuuliza hao waliobuni wenyewe walishindwaje.

Chogo wa Chalinze
Njia saba, daraja moja. Nilisema mimi.

Kijana wa Riverside
@Binti Seva hii ya 1986 imeniacha hoi. Kwa hiyo tatizo ni kujua waya umepita wapi, sio mtandao wenyewe?

Mkaguzi wa Bando
Wote mmezunguka mbuyu. Nimefanya kazi kwa mtoa huduma mmoja, simtaji, hayupo hata sokoni siku hizi. Njia mbadala ilikuwepo ila haikulipiwa. Uwezo kwenye mkongo unanunuliwa. Ukitaka mkongo wa pili uwe tayari kubeba mzigo wote wa kwanza siku ukifa, unalipia kitu ambacho hukigusi mwaka mzima. Mhasibu anauliza hii ni ya nini, unamweleza, anafuta. Siku ikifika kila mtoa huduma anakimbilia mkongo ule ule uliobaki, na bei ya siku hiyo si ya jana.

Na ruta hazisaidii hapo. Njia kati ya makampuni zinatangazwa kwa BGP, ambayo wahandisi wawili, Lougheed na Rekhter, waliichora 1989 kwenye karatasi za kufutia mikono wakati wa chakula. BGP inajua njia ipo au haipo. Haijui kama imejaa. Inakuelekeza kwenye barabara yenye foleni ya kilomita mia na inaona imemaliza kazi.

Tena ni itifaki ya kuaminiana. Februari 2008 Pakistan walitaka kuizuia YouTube nchini kwao, tangazo likavuja nje, dunia ikaamini YouTube iko Pakistan. Kama saa mbili hivi.

Baharia wa Shangani
@Mkaguzi wa Bando pesa sikatai, lakini Mei ile hata mwenye pesa angenunua wapi? Upande huu wa bahari njia ni chache, na zinabanwa kaskazini na vita. Hili ni la jiografia na ni la kale. Waya wa telegrafu ulifika Unguja 1879, wa kampuni ya Eastern, kutoka Aden kwenda Msumbiji na Durban. Tazameni ramani ile na hii ya leo. Jengo la Extelecoms lipo Shangani, siku hizi ni hoteli. Uzi ule ule, zaidi ya miaka 140.

Mkaguzi wa Bando
Mwenzako wa Likoni ana TEAMS bahari hiyo hiyo.

Mwana wa Likoni
😂 Msinitie katikati.

Bwana Koaksia
Binti Seva kanikumbusha chuo, miaka ya tisini mwishoni. Maabara ilikuwa na kebo moja nyeusi imepita nyuma ya kompyuta zote, kila mashine imechomekwa kwa kiunganishi cha T, na mwisho wa kebo kuna kizibo cha om 50. Anayetaka kuhamisha kompyuta yake akichomoa vibaya, chumba kizima kinazimika, halafu mnaanza kuvizia mashine moja moja. Kuna mtu alikuwa anakilegeza kile kizibo kila siku ya mtihani. Hatukumpata.

Ile ndiyo Ethernet ya zamani, namna ya kuunganisha kompyuta za jengo moja, ya mhandisi Metcalfe, 1973 pale kampuni ya Xerox. Alichukua wazo la Hawaii, ALOHAnet, ambako vyuo vya visiwani viliongea kwa redio moja: sema, mkigongana kila mmoja asubiri muda wa bahati nasibu, aseme tena. Metcalfe akaweka kwenye waya. Ndio maana wote tulikuwa kwenye waya mmoja na wote tunasikia. Hizi swichi za leo, kila mashine na waya wake, mnaona kawaida.

Mzururaji
Ulikuwa wewe uliyekuwa unakilegeza.

Bwana Koaksia
Sina la kusema.

Dogo Janja wa Data
Mimi niliamini intaneti kaanzisha Tim Berners-Lee.

Mama Waifai
Huyo ni wa wavuti, mdogo wangu. Maabara ya CERN, Uswisi, 1989. Alikuta barabara zimeshajengwa, yeye kaleta kurasa na viungo. Barua pepe yenye alama ya @ ilikuwepo tangu 1971.

Ruta Mbovu
Na kama tunagawa sifa, Mfaransa Louis Pouzin msimsahau. Mtandao wake wa CYCLADES ndio uliosema ruta zisijitwike kuhakikisha kila pakiti imefika, kazi hiyo wafanye wenye kompyuta za mwanzo na mwisho. Cerf na Kahn wakaichukua kwenye andiko lao la 1974. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia TCP/IP, asiyehama akabaki nje. Ufaransa wenyewe wakamkatia Pouzin hela.

Babu Modemu
Kwa hili nakuunga mkono. Leo tu.

Fundi wa Kamera
Samahani kuingilia, naona hapa kuna wataalamu. Nimefunga kamera nne dukani kwa mteja, intaneti ni ya laini ya simu kupitia ruta. Ndani ya duka zinaonekana safi. Nikiwa nje nimefungua mlango (port) wa ruta kwa maelekezo ya YouTube, haziji. Nimebadilisha hadi ruta. Tatizo nini?

Binti Seva
Ingia kwenye ruta, soma anwani ya IP upande wa nje. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, hiyo anwani sio yako peke yako, mko wateja wengi nyuma ya moja. Anwani za IP toleo la 4 ni biti 32, zinaishia kama bilioni 4.3 dunia nzima, na hazina ya dunia ilimaliza kugawa mafungu yake Februari 2011. Kampuni za simu zinabana. Hata ufungue milango yote ya ruta yako, kuna mlango mwingine kwao ambao huna ufunguo.

Fundi wa Kamera
Ni 100.71. Sasa mteja anasema nimemla hela. Nimewapigia wananiambia niombe IP ya kudumu, inalipiwa kila mwezi.

Mkaguzi wa Bando
Usilipe kwanza. Angalia kama ruta inakupa na anwani ndefu ya IPv6, zile za biti 128. Kama ipo na kamera zinaijua, umepona. Kama haipo, tumia programu ya mwenye kamera, ile ya kuskani msimbo. Hapo kamera ndiyo inayotoka nje kumtafuta seva, wewe unamkuta huko.

Fundi wa Kamera
Seva hiyo iko wapi?

Mkaguzi wa Bando
China, mara nyingi.

Baharia wa Shangani
Kwa hiyo mteja akae dukani kwake, atazame duka lake kupitia China.

Fundi wa Kamera
Imekubali wakuu. Picha inachelewa kidogo ila ipo.